Mzee Kibe Alirudi Amepona

Jumanne hiyo Dalmas Oduor alikuwa ofisini mwake, chumba kimoja kwenye ghorofa ya nne katikati ya jiji, akitafuna njugu na kusoma gazeti la juzi. Alikuwa mpelelezi wa kujitegemea, na upelelezi wa Nairobi, kwa asiyejua, ni kufuata waume za watu tu. Mara akaingia mama wa miaka sabini na kitu, akaegemea mlango kwanza ili pumzi irudi.

"Hiyo lifti ni ya urembo?" aliuliza.

"Ni ya urembo, Mama. Karibu kiti."

Jina lake Waithera, wa Kangemi. Mume wake hakuhitaji kufuatwa. Alikuwa nyumbani, ameketi sebuleni, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu.

Mzee Kibe alikuwa amelazwa wiki sita katika kliniki moja huko Kilimani, moyo umechoka. Alirudi akitembea kwa miguu yake. Kanisa likapiga makofi na mchungaji akamwita mbele atoe ushuhuda. Waithera peke yake hakupiga makofi.

"Si Kibe yangu," alinong'ona. "Anajua kila kitu. Anajua hata ile ng'ombe tuliuza mwaka wa njaa. Lakini masikio yake ni mazima."

Kibe alikuwa wa kile kizazi cha mwisho cha Wakikuyu waliotobolewa masikio utotoni, matundu yakavutwa hadi ndewe zikaning'inia. Cate, mke wa mwanawe, alisema madaktari wameyashona. Majirani wakamwambia ashukuru Mungu, aache kuhesabu matundu. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Sasa unataka nifanye nini, Mama?"

"Nitafutie mzee wangu. Kama anakufa, asikufe kwa wageni, peke yake."

Kesho yake Oduor alifika Kangemi akijifanya anatafuta chumba cha kupanga. Mzee alimkaribisha vizuri, akazungumza juu ya mvua na bei ya mawe ya ujenzi. Oduor alikuwa akitazama masikio. Nyama iliyoshonwa huacha kovu, hata liwe dogo vipi. Hapakuwa na kovu. Oduor alimkumbuka baba yake, aliyeng'olewa meno sita ya chini kwa desturi ya Wajaluo wa zamani. Yeye mwenyewe alikuwa na meno yote, maana mtu harithi pengo la babake. Mzee aliyekuwa mbele yake alikuwa kama mtu aliyezaliwa juzi, akiwa na miaka themanini.

Na alikuwa mpole, hilo ndilo lililomtia Oduor baridi mgongoni. Alimmiminia mkewe chai, akamsogezea kikombe, akangoja. Waithera hakukigusa. Chai ikapoa, ikafanya utando. Mzee akakiinua kikombe taratibu na kukirudisha jikoni mwenyewe.

Alhamisi asubuhi Oduor alivaa koti la buluu, akashika ubao wa kuandikia, akaenda Kilimani. Nairobi hakuna mlango unaomfungia mtu anayekagua mitungi ya kuzima moto. Mlinzi hata hakuinuka.

"Niaje, boss. Anzia chini, mwingine uko juu."

Ghorofa ya kwanza ilikuwa na vitanda vitupu. Ya pili ilikuwa na watu. Wameketi kwenye viti, wameelekea ukuta, kila mmoja akirudia majina kwa sauti ya chini. Majina ya watoto. Majina ya mitaa. Mwanamke mmoja alikuwa akijifunza kucheka. Alicheka, akanyamaza, akaanza upya. Hakuna aliyegeuka.

Oduor alipanda. Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho. Mzee kitandani, amebaki mifupa. Masikio yake yalilala juu ya mto.

"Mzee Kibe?"

"Umetumwa na Waithera," mzee alisema.

"Nani amekufungia hapa?"

"Hakuna. Mimi ndiye nilimtuma yule."

Alieleza kwa pumzi fupi fupi. Moyo ulikuwa umebakiza wiki chache tu. Madaktari wakamchota nyama ya paja, wakakuza Kibe mwingine ndani ya maji. Kisha Kibe akakaa naye siku baada ya siku, akimfundisha: ng'ombe, watoto, kiti chao cha kanisani.

"Sikutaka Waithera abaki peke yake," alisema. "Masikio nikayasahau. Nani hukumbuka masikio yake?"

Oduor alishuka ngazi machozi yakimlengalenga. Kufikia saa nane alikuwa amemleta Waithera kwa teksi. Mlinzi aliambiwa huyu ndiye mkubwa wa ukaguzi, na jinsi mama alivyomtazama, akaamini.

Waithera aliketi kitandani, akashika sikio la mumewe kwa vidole viwili.

"Ulimpokea?" Kibe aliuliza.

"Nilimpikia. Kumpokea sikuweza."

"Maskini. Alikuwa anaogopa sana kuja."

Saa tisa na dakika kumi Mzee Kibe alikata roho, mkono wake ndani ya mkono wa mkewe. Simu ikalia mkobani mwa Waithera. Oduor akaipokea. Alikuwa Cate, akinong'ona.

"Mwambie Mama mzee ameinuka sasa hivi tu. Ameacha chakula. Amevaa kofia akasema kazi yake imeisha. Ametoka kwa gate, na nje hakuna mtu."

Kliniki ilitoa mwili bila maswali. Kufikia Jumatatu jumba lilikuwa tupu, limebandikwa tangazo la kupangishwa.

Kaburi la Kibe lilichimbwa Ijumaa iliyofuata Jumatatu hiyo, huko Kangemi, kwenye kipande cha shamba kilichobaki nyuma ya vyumba vyao vya kupangisha. Jumamosi asubuhi yalikuwa mawili. Lao lilikuwa wazi kama walivyoliacha. La pili lilikuwa limefukiwa tayari, udongo umepigwapigwa kwa viganja, alama za vidole kumi zikionekana. Nyayo za kuingia zilikuwepo. Za kutoka hazikuwepo. Wachimbaji waliapa hawajui lolote. Kiragu, mwana wao, alitaka lifukuliwe.

"Mwacheni," Waithera alisema. "Huyo hakuwa na mtu mwingine."

Mwezi wa saba, ile baridi ya kuuma mifupa, Oduor alipita kumjulia hali. Kaburi la Kibe lilikuwa na msalaba na jina. Lile lingine halikuwa na kitu, na Waithera alikuwa ameketi kando yake, amevua viatu.

"Wewe ni mpelelezi, Oduor. Nitafutie jina lake."

"Sina, Mama. Sidhani walimpa."

Mama alitikisa kichwa. Aliishi naye mwezi mzima bila kumwuliza, alisema, na hilo halimpi usingizi.

"Weka mkono hapa," alinong'ona.

Oduor akaweka. Nyasi pande zote zilikuwa na umande wa baridi. Udongo ule ulikuwa na joto la mwili wa mtu.

"Huwa hivyo kila siku," Waithera alisema, akasogea kumpa nafasi. Oduor hakuwa na mtu wa kumngoja nyumbani. Akavua viatu, akaketi.