Unga Mweupe Bustanini kwa Eudosie

Kila Jumamosi asubuhi Eudosie alichimba magimbi ya kula na ya kuuza. Bustani yake ilikuwa nyuma ya nyumba, kaskazini mwa kisiwa cha Martinique, mahali palipokuwa na shamba kubwa la migomba zamani. Udongo wake ulikuwa mweusi na laini. Magimbi yalitoka manene.

Mwaka huo alichimba mengi zaidi. Binti yake, Mirette, alikuwa na mimba ya miezi minne. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika.

"Kula, wewe! Unadonoa kama kuku mgonjwa," Eudosie alimwambia.

"Mama, nimeshiba."

"Umeshiba wewe. Huyo wa tumboni umemuuliza?"

Fulbert, mume wa Eudosie, alicheka kidogo kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa amekonda sana. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeingia mpaka kwenye mifupa. Miaka ishirini na minane alikuwa kibarua wa migomba.

Jirani yao, Clémire, alifanya kazi maabara mjini. Siku moja alikuja na mfuko mdogo.

"Mama Eudosie, naomba udongo wa bustani yako. Tunapima mashamba yote ya zamani ya migomba."

"Udongo wangu unaumwa nini hata upelekwe kupimwa?"

"Labda hauumwi. Tupime tujue."

Eudosie alimpa, huku akinung'unika.

Wiki tatu baadaye Clémire alirudi. Hakukubali hata kahawa.

"Udongo una sumu," alisema. "Ni ile dawa ya kuua fukusi wa migomba. Imo nyingi sana."

"Mwongo! Dawa ile ilipigwa marufuku zamani. Na mvua yote hii iliyonyesha?"

"Mvua haiiondoi, Mama. Imeng'ang'ania udongo. Itakaa humo hata sisi sote tukishakufa."

"Wewe umeionaje? Sumu ina rangi? Ina harufu?"

"Haina. Ndiyo maana tuna mashine." Clémire alikaa karibu naye. "Tunachukua udongo wako, tunaitenganisha dawa na udongo, kisha tunaigeuza mvuke. Mvuke unapita kwenye kichumba kidogo. Humo mna elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme. Zinasogea polepole kuelekea upande wa pili, na mashine inazihesabu zikifika."

"Haya, na sumu inafanya nini humo?"

"Molekuli moja ya dawa hii ina klorini nyingi, na klorini ina uchu wa elektroni. Elektroni ikipita kwa kasi, molekuli haiwezi kuikamata. Ikipita polepole, inaidaka. Molekuli iliyodaka elektroni inaitwa ioni hasi. Ioni hiyo ni nzito, haifiki haraka kama elektroni. Basi umeme unaofika upande wa pili unapungua. Ukipungua kidogo, sumu ni kidogo. Wa kwako, Mama, ulianguka mpaka nikadhani mashine imeharibika. Nikapima mara tatu."

Mirette alishika tumbo lake. "Dada Clémire, zile mimba mbili... ni kwa sababu ya hii?"

"Sijui, mdogo wangu. Mashine haiwezi kujibu hilo."

Hapo Fulbert akasema, sauti yake ikikwaruza:

"Ni mimi."

Wote wakamgeukia.

"Mirette alipozaliwa, niliiba gunia la dawa hiyo, ule unga mweupe, kule shambani. Fukusi walikuwa wanamaliza migomba yako, Eudosie. Nikaumwaga bustani nzima, shina kwa shina. Nilitaka mtoto apate chakula."

"Kwa mikono mitupu?" Clémire aliuliza.

"Glavu tungezipata wapi? Tajiri alituambia hauna madhara kwa mtu."

Eudosie aliinuka. Aliingia jikoni, akachukua sufuria ya magimbi iliyokuwa motoni, akaimwaga yote. Siku tatu hakumsemesha mumewe. Siku ya nne alimpelekea supu, akamlisha kwa kijiko. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha.

Clémire aliwaeleza la kufanya. Magimbi, viazi vikuu na viazi vitamu hukaa ndani ya udongo, kwa hiyo hubeba sumu. Kuku huparua udongo huo, na sumu huingia kwenye mayai. Lakini mashelisheli, maharage na nyanya havina shida.

"Na damu yake?" Eudosie aliuliza, akimwangalia Mirette.

"Tutaipima. Akiacha kula sumu, mwili utaitoa wenyewe. Karibu nusu yake huondoka kwa miezi mitano au sita. Mwili una nafuu kuliko udongo."

Eudosie aling'oa magimbi yote kwa mikono yake akayafukia. Hakumpa mtu hata moja. Mayai aliacha kuyaokota. Akapanda maharage na nyanya. Mirette alikula shelisheli mpaka akalichukia.

Fulbert alikufa mwezi Machi. Mwezi wa Mei Mirette alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Damu ya Mirette ilipopimwa tena mwezi wa Agosti, sumu ilikuwa imepungua zaidi ya nusu. Eudosie alisoma karatasi ile, kisha akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Watu wa pale kijijini walikuwa bado wanakula magimbi. Jumapili moja, baada ya misa, mwanamume mmoja alimwita mbele ya watu.

"Mama Eudosie! Mbona siku hizi hutuuzii magimbi? Umetajirika?"

Wengine wakacheka. Eudosie hakucheka.

"Bustani yangu ina sumu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mume wangu aliimwaga kwa mikono yake. Hakuambiwa kuwa ni sumu. Mlio na mashamba kule juu, unga huo huo mliumwaga nanyi. Nendeni mkapime."

Kicheko kilikatika. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakiangalia chini.

Kesho yake asubuhi, Clémire alikuta mifuko kumi na mmoja ya udongo mlangoni kwake. Kila mmoja ulikuwa na jina.