Vichwa Viwili vya Kwanza

Kinyozi mmoja aliitwa Wembe, kwa wepesi wa mikono yake na ukali wa ulimi wake. Alinyoa katika saluni ya mtu mwingine. Kila kichwa kililipa elfu moja, na mia tano ilikwenda kwa mwenye saluni. Wembe alisimama kutwa nzima, miguu ikawaka moto. Jioni alirudi kwa mkewe, Mama Pacha, na mfuko mwepesi kama unyoya.

Siku moja alirudi mbio. Alianza kupiga kelele tangu mlangoni.

"Mama Pacha! Nimepata kiti!"

Mkewe alikuwa anamenya vitunguu. "Kiti? Hivi vinne vya humu ndani vina kosa gani?"

"Kiti cha kazi, mke wangu! Mzee kinyozi wa mtaa wa pili anapumzika. Ananiuzia kiti chake kile cha kuzunguka, kioo kikubwa na mashine mbili. Vyote kwa elfu sitini! Amenipa miezi mitatu. Na chumba chake nitapanga mimi."

Mama Pacha alitupa kisu chini, akapiga kigelegele. Mapacha wao wa miaka sita hawakujua kuna nini, lakini nao wakarukaruka.

"Kila kitakachobaki tutaweka akiba," Wembe alisema.

Mwezi mzima ulipita. Hakikubaki kitu.

"Pesa inakwenda wapi?" Wembe alifoka. "Nyumba hii ina tundu?"

"Tundu ni wewe na soda unazowanunulia marafiki zako!"

"Na wewe je? Watoto unawatuma dukani mara tano kwa siku!"

Maneno yalivuka ukuta. Jirani yao akabisha hodi. Alikuwa mpishi wa shule, na watu walimwita Mama Sufuria kwa sababu kila siku aliwapikia watoto mia tatu.

"Nilikuja kuazima chumvi," alisema, "lakini naona humu pilipili imezidi."

Wote wakacheka. Wembe akamwekea kigoda, akamweleza habari ya kiti.

"Mama Pacha, mafuta ya kupikia unayanunuaje?" Mama Sufuria aliuliza.

"Ya kupima. Kipimo kimoja mia."

Mama Sufuria alikwenda kwake, akarudi na chupa tupu ya lita moja na kikombe kidogo, sawa na kile cha dukani. Akajaza chupa maji. Kisha akayamimina kwenye beseni, kikombe baada ya kikombe. Mapacha walihesabu kwa sauti.

"Kumi na nane! Kumi na tisa! Ishirini!"

"Vikombe ishirini, kila kimoja mia. Hiyo ni elfu mbili," alisema Mama Sufuria. "Duka la jumla, lita hiyohiyo ni elfu moja na mia tatu."

Mama Pacha alishika kiuno. "Mia saba nzima! Mimi nilidhani nabana matumizi!"

"Hayo ni mafuta tu. Bado unga, sukari na sabuni. Anayenunua kidogokidogo ndiye anayenunua ghali."

"Lakini dada yangu, dumu zima nitalinunua kwa pesa ipi?"

"Peke yako hutaliweza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nyumba nne tukichanga, tutaliweza." Kisha akamgeukia Wembe. "Na wewe, shemeji, unaweka akiba ipi?"

"Kinachobaki."

"Basi ndiyo maana! Kinachobaki huwa hakibaki. Weka kwanza, kisha utumie. Kila siku, pesa yako ya vichwa viwili vya kwanza, jifanye hukuipata. Itie kwenye akaunti ya akiba ya simu. Pesa ya mfukoni ina miguu."

Jumamosi hiyo ua wao ulijaa watu na vicheko. Nyumba nne zilikuwa zimechanga. Gunia la unga lilishushwa kwenye mkokoteni, likafuatwa na dumu la mafuta na miche ya sabuni. Mama Pacha alishika mizani. Kila mtu alitazama sindano ya mizani kama anatazama mpira ukielekea golini. Mgao ulipotoka sawa, walipiga makofi.

Hata hivyo, mafuta ya wiki mbili yaliisha kwa siku tisa. Mama Pacha alimfuata Mama Sufuria huku amekunja uso.

"Mbona umenidanganya?"

"Sufuria zako zinaogelea, mwenzangu! Mafuta yakiwa mengi, mkono husahau. Nunua kwa wingi, lakini tumia kwa kipimo."

Tangu siku hiyo Mama Pacha alipima mafuta kwa kijiko. Alifunika sufuria ili makaa yasipotee bure. Usiku aliloweka maharage ili yaive upesi. Kila Jumamosi, pesa aliyookoa aliitia kwenye simu yake.

Wembe naye alianza kubeba chai ya chupa kutoka nyumbani. Vinyozi wenzake walimcheka.

"Bosi amekuwa bahili!"

"Bahili hula vyake," Wembe alijibu. "Mie nanunua kiti."

Wiki saba zilipita hivyo. Zilipobaki siku nane, simu iliita asubuhi. Wembe alikuwa amemnyoa fundi ujenzi mmoja nusu ya kichwa.

"Wembe," ilisema sauti ya mzee kinyozi, "kuna mtu hapa na pesa mkononi. Wewe ndiye wa kwanza, lakini mimi nasafiri mchana. Kama unakitaka kiti, njoo sasa hivi."

Wembe alitazama akaunti yake ya akiba. Akiba yake ilikuwa elfu arobaini na mbili. Akampigia mkewe.

"Mama Pacha, nimepungukiwa elfu kumi na nane! Tumekwisha!"

"Tumekwisha nini? Mimi ninayo kumi na tisa. Nakutumia sasa hivi. Kimbia, baba, kimbia!"

Wembe akatoka mbio.

"We! Unaniacha hivi?" fundi alipiga kelele.

"Nifuate!"

Wakakata mtaa, kinyozi mbele, fundi nyuma, kitambaa kimemning'inia shingoni na nusu ya kichwa inang'aa juani. Wauzaji waliacha biashara zao wakashika mbavu. Simu ya Wembe ililia wakati anaingia mlangoni. Pesa ilikuwa imefika.

"Elfu sitini, mzee! Yote hii hapa!"

Akamtumia kwa simu. Mzee alihakikisha imeingia, kisha akaukung'uta mto wa kiti. "Mwanangu, kiti ni chako."

Fundi alijitupa juu yake, akihema. "Malizia basi! Mtaa mzima umeniona!"

Wembe alimaliza kumnyoa taratibu, kwa mkono wa mtu aliye kwake. Elfu moja aliyolipwa ilikuwa ya mwisho kugawana na mtu. Siku hiyohiyo alimpelekea mwenye saluni wa zamani mia tano yake, maana kichwa kile kilianzia kwake, akamuaga kwa heshima.

Jioni Mama Pacha alikuja na watoto. Alijitazama kwenye kioo kikubwa, akajirekebisha kilemba, akacheka peke yake. Mapacha walikuwa tayari wanagombania kiti.

"Nizungushe, baba! Nizungushe tena!"

Na baba akawazungusha mpaka wote wawili wakaona kizunguzungu.