Petronila Kanyoa Kabla ya Harusi

Soko la Musoma lilifurika siku hiyo, watu wanasukumana kama ng'ombe mnadani. Petronila akajipenyeza na beseni la sato kichwani, kanga kaikaza kiunoni, mara maji ya samaki yakamwagikia suruali nyeupe ya kijana mmoja.

"We dada! Sasa Bunda narudije nanuka hivi?"

"Pole kaka. Ila nyie watu wa pamba, sato si mnaionaga kwenye ndoto tu?"

Kijana akacheka mpaka akashika mbavu. Ndiye Mihayo, karani wa ghala la pamba. Tangu hapo kila Jumamosi pikipiki yake iko Kitaji anakokaa Petronila, na mwaka haujaisha ng'ombe za mahari zikafika kwa baba yake binti. Harusi ikapangwa baada ya Krismasi.

Basi, akina mama wa Kitaji wakatunga mchezo wa nyimbo juu ya maisha ya wanawake gerezani, wauonyeshe sikukuu ya Uhuru. Petronila akawa mfungwa aliyeacha mtoto mchanga nyumbani. Mfungwa hunyolewa, naye kwa kuipenda ile kazi akanyoa kipara kweli. Hakukumbuka kwamba kwao Mihayo mwanamke hunyoa hivyo akifiwa na mume.

Mama mkwe akamkuta sokoni. Kapu likamponyoka.

"Mwanangu yuko hai, binti, wewe umeshamzika?"

Siku mbili baadaye Petronila akakimbilia posta kupiga simu Bunda.

"Mihayo mpenzi, ni mimi."

"Nimesikia. Mama hali, halali."

"Ni mchezo tu, jamani!"

"Mchezo gani wa kunifanya marehemu? Funga kitambaa, Petro, ukae nyumbani."

"Nikikaa, nani ataimba?"

Simu ikakatika. Asijue ni waya au ni mkono wake Mihayo.

Siku ya Uhuru akapanda jukwaani na gauni jeupe la mfungwa. Akamwimbia mtoto asiyekuwepo: "Nyonya kwa bibi, mwanangu, maziwa yangu yamekauka ukutani mwa gereza." Mlangoni akamwona Mihayo amesimama. Watu walipopiga makofi, yeye hakupiga.

Alimkuta nje, ameegemea pikipiki.

"Hukunipigia hata kofi moja."

"Mama anataka ng'ombe zirudi."

"Na wewe?"

Mihayo akainama. "Nilikuja kukuambia hivyo hivyo. Maneno nimeyapanga toka Bunda. Ulipoanza kumwimbia yule mtoto, yote yamenitoka."

"Kwa hiyo?"

"Panda. Twende ukamwimbie mama."

"Kichwa wazi hivi? Atanifukuza!"

"Akikufukuza, tunafukuzwa wawili, mke wangu."

Petronila akapanda na gauni lake lile lile. Walipopita Kiabakari, njia ya Bunda, mikono yake imekaza kiunoni kwa Mihayo. Upepo ukampiga utosini. Akafumba macho, akaanza kuuimba ule wimbo polepole, asije akausahau mbele ya mama mkwe.