Mashimo Yaliyoachwa Wazi

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa Paskalia kumwonya mumewe, rafiki yangu Otmar: "Baba Rhoda, giza likikukuta porini, usitembee."

"Mimi si mgeni huko!" akafoka, akachukua panga kwenda kumtafuta ng'ombe aliyepotea nyuma ya mji wa Buseresere.

Usiku ulimkuta amepotea kati ya mashimo ya dhahabu yaliyoachwa wazi. Akasikia nyundo zikiponda mawe, akazifuata.

"Jamani, njia iko wapi?"

Nyundo zikanyamaza. Sauti ikamfokea kutoka chini: "Kaa hapo hapo, mjinga wewe!"

Akakaa, akiwaka hasira, hadi kulipokucha. Hatua moja mbele yake palikuwa na shimo lililojaa maji hadi mdomoni. Akakata miiba, akalizungushia, huku akiwalaani waliolitelekeza. Kisha akagonga jiwe kwa panga, kuwaita wale wenye nyundo.

Chini ya maji, nyundo zikamjibu.