Wastani wa Wasichana

Kila Alhamisi, kabla mji wa Verlo haujaamka, Darya Wasylyk alikuwa uwanjani akifunga kamba za viatu vya kutelezea kwenye barafu. Timu ya wasichana ya hoki ya barafuni ilipewa zamu ya mazoezi alfajiri. Wavulana waliipata jioni. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mama yake, wala hakuna aliyehoji. Kutoka hapo wasichana walikwenda moja kwa moja shuleni, nywele zimelowa, wakitafuna mkate njiani.

Siku moja ya Februari, Mwalimu Halvorson alibandika ukutani mchoro wa matokeo ya hesabu ya darasa la saba. Nguzo ya wavulana ilikuwa ndefu, ya wasichana fupi.

"Nafasi za kundi la hesabu za juu ni chache," alisema. "Nitachukua wavulana. Wastani umeamua."

"Poleni, akina dada!" Colby wa timu ya wavulana alicheka. "Mtabaki kuhesabu mabao tunayofunga."

"Yafunge kwanza, ndipo tuyahesabu!" Darya alimjibu, darasa likaangua kicheko.

Lakini moyo ulimuuma. Alitaka kujenga madaraja, na kundi lile ndilo lililokuwa mlango wake. Akasimama.

"Mwalimu, mimi si wastani. Mimi ni Darya. Mchoro huu haujamaliza kusema."

"Basi umalizie wewe kesho," mwalimu alisema. "Ila lete ushahidi, usilete hasira."

Wakati wa mapumziko wasichana wote walimtajia alama zao kwa hiari. Brenna, golikipa wao, alimvuta kando.

"Alama zangu ndizo zinazotuzamisha. Nifute tu. Nani atajua?"

Darya alijaribu kukokotoa bila Brenna. Nguzo ilipanda vizuri mno. Akatamani kuiacha hivyo, kisha akamrudisha Brenna kwenye hesabu.

"Nikikufuta nitakuwa nimefanya kama Mwalimu, kumtoa mtu kwa sababu ya hesabu. Hebu niambie, siku ya mtihani ulikuwaje?"

"Nilisinzia katikati ya maswali. Si ilikuwa Alhamisi, shoga? Tulitoka barafuni macho mekundu."

Darya akaenda kumuuliza kila msichana kama alikuwa barafuni alfajiri ile.

Kesho yake alichora nguzo tatu ubaoni. Wasichana wasiocheza hoki walilingana na wavulana. Waliotoka barafuni alfajiri ile walikuwa chini kabisa, yeye mwenyewe akiwemo pamoja na Brenna, aliyekiri mbele ya wote kwamba aliomba afutwe.

"Kwa hiyo barafu ndiyo iliyofeli?" Colby alidhihaki.

"Njoo uijaribu alfajiri, kisha ufanye mtihani!"



"Wachezaji wa hoki mko wachache," mwalimu alisema polepole. "Huenda ni bahati tu."

"Basi tupime tena, Mwalimu. Safari hii sote tukiwa tumelala."

Walipopimwa upya, pengo lilikaribia kutoweka. Brenna alianguka tena. "Usingizi hauna kosa," alisema akicheka. "Ni hesabu za sehemu tu zimenishinda!" Darya alifaulu. Kundi likafunguliwa kwa yeyote atakayefikia alama, na timu zikaanza kupokezana zamu ya alfajiri.

Mwalimu Halvorson alibandua mchoro wake mbele ya darasa zima.

"Nilikosea," alisema. "Niliona tofauti, nikadhani nimeona sababu. Wastani unaweza kutuonyesha shimo, lakini haujui nani alilichimba, lazima tuulize. Na Darya angemfuta rafiki yake ili ashinde, sote tungebaki na uongo mpya badala ya ule wa zamani. Dai haki yako kwa sauti kubwa, lakini hesabu zako ziwe safi."