Ncha ya Sindano Katika Nguo za Vichanga

Ilikuwa Alhamisi, saa nane na nusu mchana. Jua lilikuwa kali na upepo umetulia kabisa. Katika chumba cha mbele, fundi cherehani alikata uzi wa gauni la ishirini na nne, la mwisho. Magauni yote yalikuwa ya vichanga wa wodi ya wazazi. Muuguzi angekuja kuyachukua saa kumi na moja.

Fundi alijivunia kazi yake, na haki alikuwa nayo. Tangu aanze kushona, hakuna mteja aliyewahi kumrudishia nguo.

Asubuhi ile sindano ilikuwa imekatika. Yeye mwenyewe alikuwa na kanuni: sindano ikikatika, vipande vyote vikusanywe na kupimwa kando ya sindano nzima kabla ya kushona tena. Lakini siku hiyo haraka ilimzidi. Alitupia vipande viwili ndani ya kopo, akaweka sindano mpya, akaendelea.

Sasa alivitoa, akavilaza kando ya sindano nzima. Roho ikamruka. Ncha ilikosekana. Ilikuwa ndogo kama punje ya mchele.

"Maswali!" aliita. Hilo lilikuwa jina la utani la binti yake wa miaka kumi na miwili, na kila mtu mtaani alijua sababu yake. "Gauni nililokuwa nikishona sindano ilipokatika liko wapi?"

"Nimeyakunja yote, mama, nikayapanga. Lilikuwa lipi?"

"Lile jeupe."

"Mama, yote ni meupe."

Mume wake, mpaka rangi wa nyumba, alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka. "Mke wangu, usijitie presha. Pengine iliruka ikatokea dirishani."

"Na kama haikuruka?"

"Basi itakuwa humo humo."

"Humo humo ni shingoni mwa mtoto wa siku mbili, baba Maswali."

Mume aliinuka, akakaa kitako.

Walianza kupapasa mishono kwa vidole. Lakini mapindo yalikuwa yamekunjwa mara mbili, na ncha ile ingeweza kulala ndani bila kuguswa. Hapo fundi akamtuma Maswali kwa jirani.

Jirani alikuwa mwanamke aliyetengeneza feni na redio. Watu walimwita Koili, kwa sababu alisuka upya koili, yaani nyaya zinazozungushwa ndani ya mota, zilipoungua. Alifika na bisibisi bado iko mkononi.

"Shoga, sindano ni chuma cha pua," alisema baada ya kuelezwa. "Kitambaa si chuma. Vifungo vyako ni plastiki. Tukipata sumaku, itavuta sindano na kuacha vingine vyote."

"Si unayo kwenye spika zako?"

"Hizo ni mali za wateja, siwezi kuzibandua. Tutatengeneza yetu. Maswali, niletee msumari mrefu na tochi ya baba yako."

"Tochi yangu tena!" alisema mpaka rangi, lakini alikuwa ameshaichukua.

Koili alileta waya mwembamba wa shaba. Maswali aliuzungusha kwenye msumari, mzunguko mmoja karibu na mwingine, kuelekea upande mmoja, hadi ikafika mizunguko mia mbili. Kisha alifunga betri mbili za tochi kwa utepe, moja juu ya nyingine, akagusisha ncha moja ya waya juu na nyingine chini. Akausogeza msumari kwenye pini za mama yake.

Hakuna pini hata moja iliyotikisika.

"Sumaku imesusa," alisema baba.

Koili hakucheka. "Uangalie vizuri waya huo, mwanangu. Uko uchi?"

Maswali aliukwaruza kwa ukucha. "Unang'aa kama shaba... lakini una kitu juu. Kama rangi."

"Ni vanishi. Inazuia umeme usiruke kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Ibaki kwenye mizunguko. Lakini pale unapogusa betri, inaufungia umeme mlango."

Maswali alichukua wembe, akakwangua ncha mbili za waya mpaka zikawa nyekundu safi. Akagusisha tena. Kufumba na kufumbua, pini saba zilirukia msumari.

"Ehee!" baba alipiga kofi.

"Umeme ukipita kwenye waya uliozungushwa, msumari unakuwa sumaku," alieleza Koili. "Achia waya mmoja."

Maswali aliachia. Pini sita zilianguka. Moja iling'ang'ania.

"Mbona hiyo haijaanguka?"

"Chuma huchelewa kusahau. Kuna usumaku kidogo umebaki. Sasa nisikilizeni nyote. Hii ni kwa betri za tochi tu. Msithubutu kuuchomeka waya huu kwenye soketi ya ukutani. Umeme ule unaua. Na waya ukipata joto, uachieni, upumzike."

"Lakini shangazi," alisema Maswali, "tutajuaje kama nguvu yake inafika ndani ya pindo?"

"Wewe unaonaje?"

Msichana alifikiri. Akachukua kipande kidogo cha sindano kilicholala kando ya ile nzima, akakificha ndani ya kitambaa alichokikunja mara mbili. Akapitisha msumari juu yake. Kitambaa kikainuka, kikashika.

Fundi alimtazama binti yake na kifua kikamjaa. Hakuna aliyemfundisha kupima chombo kabla ya kukiamini.

Walikuwa wamekagua magauni kumi na tano pale muuguzi alipobisha hodi. Fundi alipiga moyo konde.

"Dada, karibu. Sikufichi: ndani ya gauni moja kuna ncha ya sindano. Bado tunaitafuta. Siwezi kukukabidhi mzigo."

Muuguzi alivuta kigoda. "Nitasubiri. Wengine wangenifungia mzigo, wakaniaga kwa tabasamu."

Katika gauni la ishirini na moja, pindo la mkono liliinuka na kugandia msumari. Fundi alifumua mshono. Ncha ilitoka, nyembamba, inang'aa. Aliiweka kando ya vile vipande viwili. Sindano ikatimia.

"Tumalizie matatu yaliyobaki," alisema.

"Si imeshapatikana?" aliuliza mumewe.

"Nilishakisia mara moja leo. Inatosha."

Matatu yale yalikuwa salama. Fundi alishona upya lile pindo, na muuguzi akabeba magauni yote ishirini na manne. Koili alirudi kwenye feni ya mteja wake. Mpaka rangi aliandika ukutani, kwa herufi kubwa za rangi ya buluu: SINDANO IKIKATIKA, PIMA KWANZA. Ijumaa, Maswali alisimama mbele ya darasa, akaonyesha sumaku ya umeme na kujibu maswali ya wenzake. Na mama yake, kila mteja alipouliza kuhusu ule msumari wenye waya, alisimamisha cherehani ili ajibu vizuri: "Ameutengeneza binti yangu."