Shangazi Aliyekufa Kwenye Kila Filamu

Jumamosi ile tulitoka Mpemba asubuhi, jua zuri, barabara haina foleni ya malori. Shangazi alikaa kiti cha mbele na chupa yake ya chai mapajani, akiimba wimbo wa kwaya. Aliimba sauti ya pili tu, kama kawaida yake. Ukimuuliza ya kwanza iko wapi, anakwambia hiyo ni ya wasichana wenye sura nzuri. Mimi nilikaa nyuma na mfuko wa nguo zake. Tulikuwa tunakwenda Iyula kushuti filamu.

Shangazi yangu anaitwa Tulinagwe, binti wa Efraimu, mzaliwa wa Mbebe huko Ileje. Nalitaja jina zima makusudi. Muulize mtu yeyote hapa Tunduma kama anamjua Tulinagwe, atakutolea macho. Muulize kama anamjua Bibi Mavumbi, jina alilopewa kwenye filamu, atakuonyesha hadi nyumba.

Alianza kuigiza kanisani, michezo ya Pasaka. Alikuwa mke wa Pilato na watu walilia. Baadaye akahamia Mpemba, akawa anawapikia maharage madereva wa malori, na hapo ndipo Lucky alipomwona. Lucky alikuwa anatengeneza filamu na vijana wa mjini, akatafuta bibi wa kutisha. Shangazi ana uso mrefu na doa jeupe kwenye jicho la kushoto, kapi la ulezi lilimchoma akiwa mtoto. Lucky alipoliona hilo jicho alipiga makofi. Tangu siku ile shangazi hajawahi kupewa kitu kingine. Mchawi. Mama mkwe mwenye sumu. Mzimu wa bibi. Na kila filamu lazima afe, ndipo wale wawili wazuri waoane.

Kwenye matangazo ya filamu uso wake ndio mkubwa kuliko wote, na jina lake halipo. Yameandikwa majina ya vijana ambao hata kulia hawawezi bila kupakwa kitunguu. Sokoni watoto wanamkimbia. Wazambia wanaokuja kununua mchele wanamnyooshea kidole, "Muloshi! Muloshi!", wakimwita mchawi kwa lugha yao, halafu wanaomba kupiga naye picha. Yeye anacheka tu. Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nakasirika.

Alikuwa na sharti moja. Kila akiigiza amekufa, kabla hajalala hapo chini anavua kilemba chake cha bluu na kunipa mimi nishike. Sini ikiisha haamki hata umsukume. Mpaka nisimame juu yake niseme, "Tulinagwe, binti Efraimu, inuka twende nyumbani." Naye anajibu, "Nimekuja," ndipo anafungua macho. Vijana wa Lucky walikuwa wanamcheka. Niliwahi kumuuliza sababu.

"Nikilala pale mimi si mimi, Dina," aliniambia. "Msiponiita, sijui ataamka nani."

Shamba lilikuwa la mama mmoja mkulima wa kahawa, Mama Gwantwa. Vijana walikuwa wameshachimba shimo katikati ya mibuni. Wanakijiji wenye hasira wanamzika mchawi, ndivyo hadithi ilivyosema. Shangazi alivaa kaniki yake nyeusi, akanikabidhi kilemba.

"Usiende mbali," akasema.

"Niko hapa hapa, shangazi."

Akalala. Wakamwagia udongo kidogo kidogo mpaka kifuani. Lucky akasema akshen. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka mlimani kwa kasi, na matone ya kwanza yakaanza kugonga majani. Lucky akanigeukia, "Dada Dina, kimbia kwenye gari lete mwavuli, kamera italowa!" Nikamwambia atume kijana. Akafoka kwamba vijana wote wako kwenye sini, wanashika majembe. Gari lilikuwa pale pale chini. Nikakimbia.

Nikiwa nimeshika mlango wa gari nikasikia sauti yake huko juu.

"Kata! Haya Bibi Mavumbi, amka, mvua!"

Niliacha mwavuli. Nilipanda lile shamba natereza, nikapiga kelele asiamke, nikamtukana Lucky tusi ambalo sitaliandika hapa. Nilipofika alikuwa ameshasimama. Udongo ulikuwa unamdondoka mabegani. Vijana walikuwa wanampa Lucky mkono kwa furaha kwamba sini imetoka vizuri.

Nikampa kilemba. Hakukipokea. Akapita pembeni yangu, akaenda kukaa kwenye gari.

Njia nzima hakuimba. Chai yake ilipoa kwenye chupa. Tulipofika Mpemba nikamshika mkono kumshusha, akanigeuzia uso, na hapo ndipo nilipoona.

Doa lilikuwa kwenye jicho la kulia.

*

Nilijiambia nimechoka. Nikamlaza. Kesho yake niliingia chumbani na uji.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba ya nani?" akasema. "Wewe si nilishakuzika?"

Niliyajua maneno yale. Ni ya filamu ya mama mkwe. Nikacheka, nikidhani ananitania, kwa sababu ni mtu wa utani. Nikamuuliza kama amelala vizuri. Akanijibu kwa maneno ya filamu nyingine, ile ya mzimu. Nilipomwita Tulinagwe hakugeuka. Jirani alipopita dirishani akisema, "Bibi Mavumbi, habari za leo?", aligeuka haraka hadi shingo ikalia.

Hakula. Hakuvua ile kaniki. Alikaa kwenye kigoda akiangalia mlango, na kila nilipofagia, chini ya kigoda kulikuwa na udongo mwekundu. Udongo wa kwetu Mpemba si mwekundu vile. Nilifagia asubuhi, nikafagia mchana. Ulikuwa mbichi.

Nilimpigia simu Lucky. Akaniambia waigizaji wakubwa huwa wanabaki ndani ya uhusika, ni dalili ya kipaji. Kipaji! Nilikata simu.

Ndipo akanipigia Mama Gwantwa kutoka Iyula. Alikuwa ananong'ona.

"Dina, njooni mumchukue mtu wenu."

"Mtu gani, mama? Shangazi yuko hapa nyumbani."

"Mimi sijui aliyeko huko kwako. Huku kwenye lile shimo tulilofukia, kuna mtu anaimba. Mchana kutwa. Wimbo wa kanisani. Anaimba sauti ya pili tu. Anaacha nafasi ya mwenzake, halafu anaendelea."

Niligeuka. Yule wa kwenye kigoda alikuwa ananitazama na kutabasamu.

*

Lucky nilimkuta kwenye chumba chake nyuma ya stendi, ameinamia kompyuta. Alipoanza kunisalimia nikamkatisha.

"Jina lake nani?"

"La nani, dada?"

"Mwanamke aliyekulisha miaka yote hii. Aliyekufa kwenye kila filamu yako. Jina lake nani?"

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akatazama ukutani kulikojaa matangazo ya filamu zake, uso wa shangazi kwenye kila moja, akitafuta jina ambalo yeye mwenyewe hakuliandika.

"Si ni Mama... Mama nani huyu... Bibi..."

Nilitamani kumzaba kibao. Nikamwambia afungue picha za siku ile. Afungue kabla ya shimo, afungue baada ya shimo. Aangalie jicho. Aliangalia, akarudisha nyuma, akaangalia tena.

"Yule anakusikiliza wewe peke yako," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyemwamsha. Utakwenda kumlaza."

Hakubisha. Alipanda pikipiki yake, mimi nikapanda nyuma, tukaenda nyumbani. Alisimama mlangoni bila kuvuka kizingiti na kusema kwa sauti ndogo, "Bibi Mavumbi, tuna sini." Yule akainuka mara moja. Nilikodi taksi, nikakaa naye kiti cha nyuma hadi Iyula. Lucky alitufuata na pikipiki. Yule mwanamke alinuka kama chumba kilichofungwa muda mrefu. Dereva alifungua vioo vyote.

Ilikuwa mchana, jua kali, hata mbuni mmoja haukutikisika. Tulipolikaribia shimo nilisikia ule wimbo. Ulitoka chini ya miguu yetu. Sauti ya shangazi yangu, nyembamba, imechoka. Mama Gwantwa alikuwa ameshika jembe, analia bila sauti. Tulifukua yeye na mimi. Jembe lilipozama pale shangazi alipolazwa, wimbo ukakoma. Hapakuwa na kitu. Udongo tu, na ubaridi uliopanda kutoka humo kama wa mfereji wa Mbebe mwezi wa saba.

"Utasema akshen," nikamwambia Lucky. "Halafu funga mdomo. Hata kikohozi sitaki."

Aliweka kamera yake mbele. Bila kamera yule asingelala. Akasema akshen. Yule mwanamke akashuka shimoni taratibu, akajinyoosha, akafumba macho. Nilisubiri. Nikafungua kile kilemba cha bluu mikononi.

"Tulinagwe, binti Efraimu, inuka twende nyumbani."

Hakufumbua macho.

Nikaita tena. Nikaita kwa nguvu, nikaita kwa machozi, nikaita kwa hasira, kwa sababu nilikuwa na hasira na kila mtu aliyewahi kupita karibu naye bila kumuuliza anaitwa nani. Jasho likanichuruzika. Lile doa nililiona likitembea chini ya kope zilizofumbwa, kutoka jicho moja kwenda jingine.

Hapo Lucky akavunjika. Akapiga magoti ukingoni, akiwa amesahau kila nilichomwambia, akanong'ona.

"Nisamehe, Bibi Mavumbi."

Na kutoka shimoni sauti ikasema, "Nimekuja."

Shangazi alifungua macho. Doa lilikuwa kushoto. Aliponiona akaanza kulia kama mtoto, akanishika shingo, meno yakigongana.

"Mbona mmechelewa hivyo, Dina? Kuna baridi huku."

Nilimfunga kilemba chake. Nilimkumbatia, nikalia, nikacheka, Mama Gwantwa akapiga vigelegele. Sikumtazama Lucky tena. Nilisikia tu pikipiki yake ikiwaka na kuondoka mbio. Tulipofika chini kwenye taksi, dereva akatuuliza swali moja.

"Mmemwacha yule bibi mwingine apande pikipiki, hasikii baridi na kile kikaniki?"

*

Shangazi aliacha kuigiza. Anakula, anaimba, Jumapili anasimama kwenye kwaya. Mimi nilisema yamekwisha, na yatakayomkuta Lucky yamkute tu. Alinipigia simu siku moja mchana. Alinong'ona hivi:

"Dada, yuko nyuma yangu. Hashuki. Anangoja nimwambie sini inayofuata. Naomba jina lake, nimwite ashuke."

"Jina la shangazi yangu?"

"Hapana. La huyu."

"Huyo hana jina jingine," nikamwambia. "Hilo moja ulimpa wewe, na ndilo ulilomwita nalo pale shimoni." Nikakata. Nawaambia ukweli, nilijisikia vizuri.

Baada ya hapo hakuonekana stendi. Mama Gwantwa ndiye aliyetupigia tena. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa kwenye mibuni yake, ufunguo uko mahali pake. Shimo ambalo tuliliacha wazi lilikuwa limefukiwa vizuri, limesawazishwa, na hakuna aliyelifukia.

Nilikataa kwenda. Shangazi alivaa viatu.

"Mtoto wa mtu huyo," akasema. "Twende."

Tulisimama pale pale, saa za mchana, jua lile lile. Kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki kulikuwa na alama ya kiganja, udongo mwekundu mbichi, vidole vitano. Mama Gwantwa alisema ameifuta na kitambaa mara nyingi, haitoki wala haikauki. Kisha tukamsikia. Huko chini kabisa, sauti ya kiume, imekauka.

"Kata," ilikuwa inasema. "Kata. Jamani, kata."

Shangazi alipiga magoti kwenye udongo. Mwanamke yule aliyenyimwa jina na mtu huyu miaka yote akavua kilemba chake, akanipa nishike, akainama karibu na ardhi tayari kuita. Halafu akanyanyua uso kunitazama.

"Haya Dina, niambie. Lucky ni jina la mjini. Mama yake alimwita nani? Na baba yake ni nani?"

Nilimpigia kila kijana wa filamu. Nilipiga stendi, nilipiga kwa mwenye nyumba wake. Wote walinijibu neno moja, Lucky, Lucky tu, kwani ana jina gani jingine?

Shangazi alikuwa bado ananisubiri, na mimi nilisimama na kile kilemba mkononi.